Samaki Aliyekauka: Kwa Nini Plastiki za Redio za Kale Hujipinda



Nimekuja na kitu kimoja, nacho ni hiki. Naomba kipite mkono kwa mkono, lakini kishikwe kwa ncha za vidole, kisibanwe.

Ni fremu ya kioo cha stesheni, imetoka katika redio ya mezani iliyotengenezwa Marekani karibu na mwaka 1940. Ilipotoka kiwandani ilikuwa mstatili ulionyooka, ya rangi ya hudhurungi yenye mawimbi kama ya mbao iliyopigwa msasa. Leo ukiilaza mezani inagusa kwa pembe mbili tu. Pembe nyingine mbili zimeinuka, kidole cha mwisho kinapita chini yake bila taabu. Ukiipima kwa rula, imepungua milimita 4 kuliko kioo ilichokuwa imekishika. Matundu mawili ya skrubu yamechanika kuelekea nje. Upande wa nyuma pana unga mweupe mfano wa chumvi. Na atakayeisogeza puani atasikia harufu ya siki.

Hakuna aliyeikalia fremu hii, wala haikuwahi kuanguka au kuachwa juu ya jiko. Imejipinda yenyewe, ikiwa ndani ya redio, juu ya meza, sebuleni. Basi swali langu la leo ni moja: ni nini kimeipinda? Jibu likipatikana, litatuambia pia tufanye nini na tusifanye nini tunapokutana na kitu cha namna hii.

Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Tumezoea kuitumia methali hiyo kwenye malezi ya watoto. Mimi nawaomba leo tuirudishe kwa samaki mwenyewe. Samaki mbichi anakunjika kwa sababu ana maji mwilini. Akikauka, maji yametoka, ukimlazimisha, anavunjika. Plastiki hii mliyoishika ni samaki aliyekunjwa akiwa mbichi, kisha akakauka akiwa amefungwa skrubu.

Si kila plastiki ni Bakelite

Kosa la kwanza tunalofanya mafundi ni la jina. Kila plastiki ya zamani tunaiita bakelaiti. Kwa kuwa jina ni moja, tunadhani na tabia ni moja, na dawa ni moja. Sivyo. Ndani ya redio moja ya mwaka 1940 unaweza kukuta plastiki tatu au nne za jamii tofauti, na kila moja ina ugonjwa wake.

Tuanze na Bakelite yenyewe. Leo Baekeland alizaliwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1863, akahamia Marekani, akafanya kazi zake Yonkers, karibu na jiji la New York. Siku zile viwanda vya umeme vilitegemea sheleki kwa kuzuia umeme usivuje. Sheleki ni utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa Asia, na ndio uliotengenezewa santuri za zamani. Ulikuwa ghali na haukutosha. Baekeland alichanganya fenoli na formaldehaidi, akaupika mchanganyiko huo kwa joto kali na mgandamizo, akapata kitu kigumu kisichoyeyuka tena. Aliomba hataza yake mwaka 1907, akapewa mwaka 1909.

Pwani yetu nayo ilikuwamo katika biashara hiyo ya utomvu kabla ya viwanda vya plastiki. Sandarusi iliyochimbwa ardhini bara, nyuma ya pwani yetu, ilipita Zanzibar katika karne ya 19 ikasafirishwa hadi Salem, Massachusetts, huko ikasafishwa kabla ya kugeuzwa vanishi. Dunia ilikuwa ikitafuta kitu kigumu, king'aavu, kinachomiminika kikiwa moto na kusimama kikiwa baridi. Miti na wadudu vilitoa kadiri vilivyoweza. Halafu ikaja maabara.

Siri ya Bakelite ni kwamba ikishapikwa imepikwa. Ni kama yai: likishachemka, huwezi kulirudisha ute. Molekuli zake zimefungana pande zote mithili ya wavu wenye vifundo kila mahali, na ndani yake mna unga wa mbao wa kuupa nguvu. Ndiyo maana redio ya Uingereza ya Ekco AD65, ile ya duara aliyoibuni Wells Coates na kutoka mwaka 1934, bado inaonekana ya duara. Ndiyo maana makasha ya VE301, redio ya bei nafuu iliyotolewa na utawala wa Hitler mwaka 1933 ili propaganda yake imfikie kila Mjerumani, mengi yangali yamenyooka hadi leo. Bakelite hufifia kwa jua, hupoteza mng'ao, ule unga wa mbao ukajitokeza juu, na ikianguka hupasuka. Lakini kujipinda si ugonjwa wake mkubwa.

Fremu hii si Bakelite. Hii ni selulosi asetati, na kwa redio za Marekani jina lake maarufu la biashara lilikuwa Tenite.

Pamba, siki na mafuta

Tenite ilitengenezwa Kingsport, jimbo la Tennessee, na Tennessee Eastman, kampuni tanzu ya Eastman Kodak. Kodak walikuwa na sababu yao. Filamu za zamani zilikuwa za selulosi naitreti, zikiwaka moto kama baruti, nao walitaka filamu isiyowaka haraka. Selulosi asetati ilikuwa jibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 dutu ile ile iliyokuwa inabeba picha ikaanza kuuzwa kama punje za kuyeyusha na kusukuma ndani ya kalibu. Zikatoka nobu, fremu, nyavu za mbele ya spika, vitufe vya kubonyeza, hata usukani wa magari.

Selulosi ni mwili wa mmea. Chukua nyuzi za pamba au massa ya mbao, uzichakate kwa kemikali za jamii ya asidi ya siki, utapata selulosi asetati. Kwa hiyo siki mliyoisikia haikutoka nje. Ilikuwamo tangu siku ya kwanza, imefungwa kwenye molekuli.

Lakini selulosi asetati peke yake ni ngumu na kavu, haifai kumiminwa. Ili itiririke ndani ya kalibu na isikatike mikononi, watengenezaji waliichanganya na kilainishi, kemikali nzito zenye tabia ya mafuta ambazo hujipenyeza katikati ya molekuli ndefu na kuzifanya ziteleze. Kilainishi kinaweza kufika robo ya uzito wote, wakati mwingine zaidi. Naomba tulikumbuke jambo hili. Ukishika nobu ya gramu 20, huenda gramu 5 si plastiki. Ni kile kinachoilainisha, na hakikufungwa kwa kemia yoyote. Kimejibanza tu humo ndani, mfano wa maji ndani ya samaki.

Selulosi naitreti, mama yake, ilikuwa na kilainishi ambacho sisi tunakijua kwa jina na kwa harufu: kafuri, ile karafumaiti ya msibani. John Wesley Hyatt wa Marekani alipata hataza yake mwaka 1870 kwa kuichanganya selulosi naitreti na kafuri, ndiyo iliyoitwa seluloidi. Kila anayehifadhi karafumaiti nyumbani anajua kwamba ukiiacha wazi inapungua na kuisha bila kuacha maji wala majivu. Vioo vingi vyepesi vya stesheni vya miaka ya 1930 vilikuwa vya seluloidi, na kafuri yao imekuwa ikitoka vivyo hivyo, mwaka baada ya mwaka. Kioo kinakuwa cha njano, kinasinyaa, kinajikunja pembeni, kinapata nyufa.

Kilainishi cha Tenite hutoka polepole zaidi, lakini hutoka. Kingine hupotea hewani. Kingine hutoka jasho, matone ya mafuta yanayonata juu ya uso. Kingine huganda, na ndio ule unga mweupe mliouona nyuma ya fremu. Fundi yeyote mwenye bisibisi ya zamani yenye mpini unaopitisha mwanga ameshauona unga huo, na pengine ameshasikia harufu ya siagi iliyovunda inayotoka kwenye mipini ile. Ni jamii hiyo hiyo ya selulosi, ila asidi iliyofungwa humo ni ya aina nyingine.

Kinachotoka huacha nafasi, na plastiki hujikusanya kuijaza. Ndipo milimita 4 zilipokwenda.

Kwa nini ijipinde, isisinyae tu?

Hapa pana jambo ambalo mimi mwenyewe lilinichukua miaka kulielewa. Kama kitu kinapungua sawasawa pande zote, kinakuwa kidogo, basi. Mbona hiki kimejipinda?

Sababu ya kwanza ni namna kilivyozaliwa. Plastiki ya moto ilisukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma baridi. Ngozi iliyogusa chuma iliganda kwanza, tumbo likaganda baadaye. Molekuli zilizokuwa zikikimbia kufuata njia ya kalibu hazikupata muda wa kujipanga kwa raha zao, ziliganda zikiwa zimevutwa. Fremu ikatoka imenyooka kwa macho, lakini ndani imebeba mvuto kama upinde uliotiwa kamba. Ilikunjwa ikiwa mbichi. Kila inapopata joto, molekuli zile hujaribu kurudi zilikotaka kuwa.

Sababu ya pili ni joto la redio yenyewe. Chukua redio ndogo ya Marekani ya valvu tano, yaani mirija ya kioo yenye nyuzi za moto, aina iliyotengenezwa kwa mamilioni kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930. Ndani mna 12SA7, 12SK7, 12SQ7, 50L6 na 35Z5. Namba za mwanzo ni volti za nyuzi zao za moto. Zimeungwa kwa mfuatano mmoja: 12 tatu, 50 na 35, jumla karibu volti 120, ndiyo maana hazikuhitaji transfoma. Mkondo unaopita ni ampia 0.15. Zidisha, utapata kama wati 18 za joto tupu, kabla hujahesabu umeme unaofanya kazi ya sauti. Wati 18 ndani ya kasha dogo. Na joto hilo halikugawanywa sawasawa: 50L6 na 35Z5 peke yake zinachukua zaidi ya theluthi mbili. Ukifungua redio kama hiyo, tazama plastiki iliyo juu ya valvu hizo mbili. Hapo ndipo utakuta rangi imeungua, nyufa zimeanza, au dari ya kasha imelegea.

Nyuma ya kioo cha stesheni kuna balbu. Ni ndogo, wati 1 hivi, lakini iko umbali wa kidole tu na plastiki. Upande wa ndani wa fremu unapata joto kila jioni, upande wa nje unapoa kwa hewa ya sebule. Upande wa ndani unapoteza kilainishi haraka, wa nje polepole. Upande mmoja ukifupika kuliko mwingine, kitu hakina budi kujikunja, kama jani linavyojikunja likikauka juani.

Sababu ya tatu ni skrubu. Watengenezaji walifunga fremu kwa skrubu kwenye mbao au chuma, na mbao na chuma havikusinyaa. Plastiki ilipotaka kupungua, skrubu zilikataa. Ikabaki njia mbili: kubenuka katikati, au kuchanika matunduni.

Na sababu ya nne ni maji ya hewani. Selulosi hunywa unyevu. Unyevu ukikutana na joto, huanza kuzing'oa zile asidi za siki kutoka kwenye molekuli. Asidi ikishaachiliwa, yenyewe huchochea kung'oka kwa nyingine. Ndiyo maana ugonjwa huu huenda polepole kwa miaka hamsini, kisha huharakisha ghafla. Harufu ya siki ikishasikika, mlango umeshafunguka. Watunza filamu wanaujua sana ugonjwa huu, maana ndio unaoua filamu za asetati maghalani, zikajikunja na kusinyaa vilevile. Filamu na fremu hii wamezaliwa tumbo moja.

Ndugu zake wengine

Nisiwachoshe kwa orodha, lakini mbili nitazitaja kwa sababu zinapendwa na kuharibiwa kwa upendo.

Ya kwanza ni Catalin. Nayo ni ya fenoli kama Bakelite, ila haikutiwa unga wa mbao wala haikugandamizwa. Ilimiminwa kama uji ndani ya kalibu za madini ya risasi, ikaokwa kwa moto mdogo siku kadhaa. Kwa kuwa haikuwa na unga ndani, ilikubali rangi: nyekundu, kijani, buluu, nyeupe, yenye mawimbi kama marumaru. Redio ya FADA 1000, ambayo wakusanyaji huiita Bullet, na Emerson Patriot ya mwaka 1940 iliyobuniwa na Norman Bel Geddes, ni za Catalin, na leo zinauzwa kama vito. Lakini Catalin iliokwa na maji ndani yake, na maji hayo yanaendelea kutoka mpaka leo. Kasha linasinyaa, chesisi ya chuma ndani haisinyai. Redio iliyoingia kwa urahisi kiwandani leo imebanwa, na kasha likibanwa hupasuka. Ile nyeupe ya kuvutia nayo imekuwa ya rangi ya asali. Watu wengi hudhani iliuzwa ya njano.

Ya pili ni polistirini, iliyotawala baada ya vita kuu ya pili. Yenyewe haikauki kama Tenite, lakini ni kama nta: huanza kulegea kabla joto halijafika nyuzi 100. Valvu ikikaribiana nayo, au redio ikiachwa kwenye dirisha la gari juani, dari ya kasha huporomoka kama mshumaa.

Kosa langu

Sasa nirudi kwenye fremu inayopita mikononi mwenu, maana sijawaambia habari yake yote.

Miaka mingi iliyopita mzee mmoja aliniletea redio aliyorithi kwa kaka yake aliyekuwa baharia. Ilikuwa inaimba vizuri baada ya kubadilishiwa kapasita. Kilichomuudhi ni fremu hii, iliyokuwa imebenuka mpaka kioo kinacheza. Akaniuliza, "Mwanangu, hii hainyooki?" Nikamwambia inanyooka, mzee wangu, nipe wiki moja.

Niliipasha kwa mashine ya kukaushia nywele. Ikalegea mikononi, ikatii kama chapati. Nikailaza katikati ya vipande viwili vya kioo, nikaweka vitabu vizito juu, nikaiacha usiku mzima. Asubuhi ilikuwa imenyooka tambarare, nami nilifurahi sana. Nilipoirudisha, skrubu hazikufikia matundu yake, fremu ilikuwa fupi. Nikaivuta kidogo, nikakaza. Ikakaa. Mzee akaondoka ameridhika.

Haukupita mwezi akarudi. Matundu mawili yalikuwa yamechanika kama mlivyoyaona, na pembe zimeinuka kuliko mwanzo. Aliiweka mezani pangu akasema, "Ilikuwa imepinda tu. Sasa imepinda na imechanika." Hakugomba. Aliniachia fremu, akasema nikae nayo nijifunze. Nimekaa nayo.

Nilichofanya nakifahamu sasa. Joto la ile mashine lilifukuza kilainishi kidogo kilichobaki. Joto hilo hilo lilifungua mivuto iliyokuwa imelala ndani tangu kiwandani. Kisha nikaifunga kwa nguvu, fupi, kavu, ikiendelea kusinyaa. Nilimkunja samaki mkavu.

Tufanye nini

Kwanza, tujue ni nini kabla hatujagusa. Bakelite ni nzito, aghalabu nyeusi au kahawia, na ukiisugua kwa kidole gumba mpaka ipate joto hutoa harufu kama ya sabuni ya karboliki. Tenite ni nyepesi, mara nyingi hupitisha mwanga pembeni, na ikizeeka hutoa siki. Seluloidi ikisuguliwa hutoa kafuri. Msitumie sindano ya moto kupima kama wengine wanavyofundisha. Ikiwa ni seluloidi, mtakuwa mmewasha moto ndani ya karakana.

Pili, tulegeze. Hili ndilo tendo dogo lenye faida kubwa kuliko yote. Fungua skrubu za fremu na wavu wa spika nusu mzunguko, uiache plastiki iteleze. Ikibidi kupanua tundu, lipanuliwe la chuma au la mbao, si la plastiki. Redio ya Catalin, hakikisha chesisi haijabanwa. Kama imebanwa, itolewe na ikae kando mpaka fundi anayejua ashauri.

Tatu, tupunguze joto na kemikali. Redio ya thamani isiwashwe kutwa nzima kama pambo. Balbu ya kioo cha stesheni ibadilishwe kwa ndogo au ya LED. Msisafishe Tenite kwa spiriti, thina wala asetoni. Asetoni huiyeyusha kabisa. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha. Bakelite nayo isilowekwe kwenye maji, ule unga wa mbao hunywa na kuvimba.

Nne, iliyoanza kutoa siki itengwe na nyingine, maana mvuke wa asidi yake unawaambukiza wenzake na kutia kutu chuma na nyaya za shaba. Lakini isifungwe ndani ya mfuko wa nailoni. Asidi ikikosa pa kutokea, inamla aliyeizaa. Iwekwe pakavu, penye baridi na hewa, ikiwezekana kando ya mkaa maalumu wa kunyonya mvuke.

Tano, na hapa najua baadhi yenu mtanipinga: tukubali kwamba nyingine haziponi. Kilainishi kilichotoka hakirudishwi kwa kupakwa mafuta juu. Kazi ya fundi mwema hapo ni kutengeneza nakala. Mpira wa silikoni wa kumimina huganda bila joto kali na huchukua kila mchoro wa uso. Vipimo visichukuliwe kwenye fremu iliyosinyaa bali kwenye kioo chake na matundu ya chesisi, maana vile havikudanganya. Leo printa ya 3D inasaidia zaidi. Nakala ikishatoka, iandikwe mgongoni kwamba ni nakala, na mwaka. Ya asili ihifadhiwe, hata ikiwa imekunjamana. Huo ni ushahidi wa dutu iliyotumika na namna ilivyoishi, na mtafiti wa kesho ataihitaji kuliko sisi.

Hali ya hewa yetu

Mtu anaweza kuniuliza, haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kuliko watu wa Kingsport. Ugonjwa huu unalishwa na vitu viwili, joto na unyevu. Kanuni ya kemia inayotumika kwa makadirio ni kwamba joto likipanda nyuzi 10, mwendo wa uharibifu huwa karibu maradufu. Pwani yetu ina joto mwaka mzima, na unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70.

Iko redio iliyouepuka ugonjwa huu. Mwaka 1949, Lusaka, Harry Franklin, afisa habari wa Rhodesia ya Kaskazini, alifanikisha kutengenezwa kwa redio ya betri kwa Waafrika wa kipato cha chini, ikiuzwa pauni 5. Kasha lake halikuwa la plastiki. Lilikuwa la alumini, la duara, limepakwa rangi ya buluu, kwa umbo lake ikaitwa redio ya sufuria. Alumini haikauki, haitoi siki, haijikunji.

Lakini redio zetu nyingi zilizobaki majumbani si za sufuria. Ni za plastiki na mbao, za baba na babu, ziko juu ya kabati, nyuma ya mlango, stoo chini ya bati la moto. Katika redio hizo ndugu zetu walisikia Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, na Sauti ya Unguja mwaka huo huo. Sauti zilipita. Kilichobaki cha kushikwa mkononi ni kasha, nobu, na kioo chenye majina ya miji ya mbali. Na hicho kilichobaki kinaendelea kukauka wakati mimi nasema na ninyi.

Basi nawaomba. Mwenye redio ya zamani nyumbani, jioni ya leo asiiwashe. Aichomoe umeme, aigeuze, aisogeze pua mgongoni kwake. Alegeze skrubu za fremu nusu mzunguko. Aipige picha ikiwa na rula pembeni, aandike tarehe. Kisha aiondoe chini ya bati, aiweke pakavu penye kivuli. Hakuna gharama hapo, wala hahitajiki fundi.

Na fremu hiyo, ikishamzungukia mtu wa mwisho, naomba irudishwe kwangu. Mzee aliyeniachia ameshatangulia mbele ya haki, na mimi bado naitunza kama alivyosema.